Kikohozi cha Msomaji

Nyumbani alikuwa mume wa mtu na baba wa watu. Kule juu kilimani, ndani ya kuba la darubini, alikuwa Msomaji, basi. Wala si msomaji wa vitabu. Kazi yake ilikuwa kusoma namba kwenye kigurudumu cha shaba kisichozidi kifuniko cha chupa, kwa mwanga wa taa nyekundu, huku mke wake ameinama kwenye kitundu cha kutazamia. Mke ndiye aliyekuwa Mpimaji. Alikuwa akipima nyota tangu hajaota mvi, na hapakuwa na mtu pale kazini, kuanzia mkuu wa kituo mpaka askari wa getini, aliyethubutu kumbishia nyota fulani na mwenzake zimeachana kiasi gani.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Ukitazama angani kwa macho matupu unaona nyota moja. Ukiielekezea darubini, kumbe ni mbili, au tatu, familia nzima imejibana chumba kimoja. Mpimaji alipima ule uwazi unaoonekana kati yao. Si kwa kilomita, hizo zingemchosha hata mwenye kuziandika, bali kwa pembe, na pembe yenyewe ndogo hata inahesabiwa kwa sekunde. Wageni walipouliza sekunde hiyo ni kitu gani, Msomaji aliwaambia, "Mpe mtu punje ya mchele, aende nayo kilomita moja na nusu hivi, halafu aiinue juu. Urefu wa ile punje, kutoka hapa uliposimama, ndiyo sekunde moja." Wageni walicheka. Mpimaji hakucheka. "Na sisi tunataka kujua kama punje imevunjika ncha," aliwaambia, na cheko likaisha.

Katika nyota zake zote alikuwa na kipenzi, kama mama yeyote anayekana kuwa na kipenzi. Zilikuwa nyota tatu alizozibatiza Mafiga, ingawa kama ni mafiga basi yalipangwa na mpishi mlevi: mawili yamebanana, la tatu limetupwa kando peke yake. Zile mbili zilizobanana zilizungukana polepole mno, mzunguko mmoja ukimaliza maisha ya mtu. Mpimaji alipokuwa msichana mpya kazini alipiga hesabu zake, akachora mstari uliopinda kuonyesha mwaka gani zitaachana kiasi gani. Karatasi ile ilibandikwa ukutani ofisini. Aliyeshika ngazi siku ya kubandika ni kijana mmoja fundi wa mitambo, na mpaka msichana anashuka kwenye ngazi ile, yeye alikuwa keshapenda. Kijana huyo ndiye Msomaji wetu.

Kwa mujibu wa mstari ule, msimu huu ndio nyota zile mbili zingekaribiana kuliko wakati wowote, chini ya sekunde moja, kisha zianze kuachana. Aliyekosa kuziona sasa, basi tena, angoje wajukuu wamsimulie.

Kupima kulikuwa na adabu zake. Ndani ya darubini mlikuwa na nyuzi mbili za utando wa buibui. Mpimaji aliuweka uzi mmoja juu ya nyota kubwa, akazungusha skrubu mpaka uzi wa pili ukaketi juu ya nyota ndogo, akasema, "Haya." Hapo Msomaji akasoma namba kimoyomoyo na kuiandika. Halafu wakarudia kutokea upande wa pili, ili kosa la upande huu limezwe na la upande ule. Mpimaji hakuambiwa namba kabisa. "Anayetazama hasomi, anayesoma hatazami," ndiyo ilikuwa sheria yake, na aliishika hata mezani nyumbani. Jicho, alisema, ni shahidi. Ukimwonyesha mtuhumiwa kabla ya gwaride la utambulisho, lazima atamtambua.

Sheria ya pili ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyoleta balaa. Mtu akigonga sakafu, akipiga chafya au akikohoa wakati wa kupima, darubini hutikisika, na kipimo kilichotikiswa hakiandikwi. Kinarudiwa.

Sasa kikohozi. Cha kwanza kilikuwa cha kweli, Mungu shahidi. Ilikuwa msimu uliotangulia, jioni ya vumbi. Mpimaji alisema, "Haya," Msomaji akainama, akakuta namba pana kuliko mstari wa ukutani ulivyosema, na kabla hajashangaa vumbi likamkaba koo. "Ngoja nirudie," akasema mke. Aliporudia, namba ikaja nyembamba kidogo, karibu na mstari. Msomaji akaandika hiyo ya pili, na moyo wake ukatulia.

Wiki ileile daktari wa macho alimwambia Mpimaji kwamba ana mtoto wa jicho, bado mchanga, lakini atakua. Habari ilimfikia Mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa kijana, aliyewahi kufundishwa kupima na Mpimaji huyuhuyu, na mpaka leo alimwita Mwalimu. Alisema kwa upole, macho yake yakitazama viatu, kwamba mwisho wa msimu unaofuata atavitazama vipimo vya Mafiga. Vikiwa vimetulia, Mwalimu abaki na kiti chake. Vikiwa vinayumba, basi, itabidi apumzike. Mpimaji alisema, "Sawa, mwanangu," akaenda zake msalani, akakaa humo muda mrefu.

Tangu siku hiyo kikohozi kikawa na adabu. Namba ikija karibu na mstari, Msomaji alinyamaza. Ikija pana, koo lilimwasha. Hakukusudia, halafu akakusudia, halafu hakujua tena kipi ni kipi. Mpimaji alirudia, na kurudia, mkono ukipunguza kidogo kila mara, mpaka kikohozi kilipokoma. Naye hakujua kwamba anakisikiliza. Askari wa getini alimhurumia mzee, akamshauri asali na tangawizi. Msomaji alinywa asali na tangawizi, akashukuru, akaendelea kukohoa.

Usimlaumu haraka. Huyu mtu alikuwa amemwona mke wake akihesabu ngazi za kuba kwa kidole cha mguu, akidhani haonwi. Aliona anavyoisogeza sindano kwenye taa. Akajiambia, jicho limeanza kumdanganya, na mimi nipo kwa ajili gani kama si kumshika mkono gizani? Kuna siku wakiwa wanakunja nguo Mpimaji alianza, "Hivi, wale wawili wa Mafiga, mbona mimi nawaona kama..."

"Jicho halitakiwi kujua," alimkata mume.

"Ni kweli," akasema mke, akakunja shati.

Ikafika wiki ya mwisho, na jioni yake ya mwisho. Mafiga yalikuwa yanaonekana jua likizama tu, kwa kitambo, kisha yanalifuata jua nyuma ya vilima. Kesho yake asubuhi Mkuu angekuja kuvitazama vipimo. Na wiki hiyo, kwa kuwa Mungu naye ana mizaha yake, Msomaji alishikwa na mafua ya kweli.

Walipanda jioni bado kukiwa na mwanga. Msomaji alizungusha gurudumu la kufungulia paa, akapenga, akawasha taa nyekundu, akaketi kwenye kigoda chake na leso mbili mfukoni. Mpimaji alipachika jicho kwenye kitundu.

"Haya," akasema baada ya muda.

Namba ilikuwa nzuri, karibu kabisa na mstari, maana mkono ulikwisha kuzoea kupunguza. Msomaji akafungua mdomo kuvuta pumzi, na kikohozi kikatoka chenyewe, kirefu, cha kifuani.

"Nirudie," akasema Mpimaji. Akarudia. "Haya."

Namba ilikuwa pana. Msomaji akajikaza, machozi yakimlenga, akaamua hii aikohoe kwa makusudi. Lakini kifua nacho kikakataa, kikanyamaza kimya kama kimekufa. Akakwaruza koo kidogo tu. Mpimaji hakusikia. Akahamia upande wa pili. "Haya." Namba nzuri. Kikohozi. "Nirudie." Nzuri tena. Kikohozi mara tatu mfululizo. Mpimaji akabana skrubu, akafungua, akabana tena.

"Leo una nini?" akauliza bila kuinua uso.

"Mafua."

"Mafua nayajua. Hapa nilikuwa nimezipata. Nimezishika kabisa, kama kila jioni, na wewe ukakohoa."

"Kikohozi hakiombi ruhusa, mama."

"Siku zote huwa kinaomba."

Aliyesema maneno hayo alishtuka kuliko aliyeambiwa. Mpimaji aliinua kichwa kutoka kwenye kitundu, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja akageuka kumtazama msomaji wake wakati nyota iko juu. Saa ya darubini ilikuwa ikitembea, tik, tik, ikilifuata anga.

"Siku zote ukikohoa huwa nimekosea," akasema polepole. "Mimi najuaje kwamba nimekosea?"

Wenyewe wanasema za mwizi ni arobaini. Msomaji angeweza kusema vumbi. Angeweza kusema kifua, uzee, baridi ya kilimani. Alitazama leso yake.

"Tangu lini?" akauliza mke.

"Tangu daktari. Kabla kidogo ya daktari."

"Ulikuwa unafanya nini, baba? Niambie mwenyewe, nisije nikakusingizia."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ulikuwa unanisahihisha! Kwa jibu lipi? Nani alikupa majibu?"

Msomaji alinyoosha mkono kuelekea ofisini, ambako karatasi ilibandikwa ukutani. "Kwa mstari wako."

"Mstari wa msichana aliyekuwa hajui hata kupika chai!" Sauti yake ilizunguka kuba zima. "Misimu miwili nakaa kwenye kiti hiki, nikisema haya, naambiwa siyo. Haya, siyo. Nikifika nyumbani nanawa uso, najitazama kwenye kioo, namwambia yule bibi mle ndani, wewe umekwisha, waachie wenzio. Daktari kasema jicho litaziba taratibu. Wewe umeliziba kwa siku moja, na koo lako."

Msomaji hakuwa amefikiria hilo hata siku moja. Alidhani kikohozi chake ni mkono wa kumshikia mtu gizani. Hakujua kwamba kila kikohozi kilikuwa kofi.

"Nisamehe," akasema.

"Nitakusamehe nikipata nafasi. Nyota inazama. Kamwite Mkuu."

"Mama, nakuomba. Akizisoma leo namba zako zilivyo, kesho hukai hapa. Zinakuja pana. Nimeziona."

Mpimaji aliweka kiganja juu ya mdomo wa mumewe, haraka, kama anayemziba mtoto. "Usiniambie! Hata sasa unaniambia!" Kisha akashusha mkono. "Kamwite. Kama ni kutolewa, nitolewe kwa jicho langu, nisibakizwe kwa koo lako."

Mkuu alikuja na kikombe cha chai mkononi, akidhani anaitwa kutengeneza kitu. Mpimaji alimweleza yote kwa maneno machache yasiyotiwa sukari, na hakumtetea mumewe wala kumtukana. "Vipimo vya misimu miwili vya Mafiga uvifute. Vimekwenda na maji. Sasa kaa hapo usome. Ukipiga hata mwayo wa sauti nakutoa, Mkuu au si Mkuu."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Mkuu, akaweka chai chini, akaketi kwenye kigoda cha mwenzake.

Msomaji akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za saruji. Huko alikohoa apendavyo, na hakuna aliyerudia kitu. Chini mjini taa zilianza kuwaka, mtaa baada ya mtaa. Ndani alisikia sauti ya mke wake ikisema haya, ikisema nyingine, ikisema haya, na alizijua namba zile kabla Mkuu hajazisoma. Alijiona kesho akibeba mto wa kiti cha mke wake kushuka nao mlimani. Alijiona mezani nyumbani, wawili tu, bila sheria ya kunyamaza na bila cha kunyamazia. Akajifuta pua. Wivu pia ulimjia, aibu yake mwenyewe, kwamba mtu mwingine amekaa kwenye kigoda chake na anafanya kazi vizuri.

Ndani, darubini ikasikika ikigeuzwa. Mngurumo wa kuba ukazunguka, ukatulia, ukazunguka tena kurudi. Kisha mlango ukafunguka, Mkuu akatoka, akakaa naye ngazi moja.

"Mzee," akasema, "ni pana. Zote. Sekunde moja na robo hivi."

Msomaji akafumba macho. "Basi limeharibika."

"Nini?"

"Jicho."

"Hebu nisikilize. Jicho bovu linatawanya namba kama kuku waliotupiwa jiwe. Hizi zimekaa pamoja, moja juu ya nyingine. Nikasema labda jicho linapanua kila kinachopita mbele yake, kwa hiyo nikamgeuzia zile pacha tunazozijua, ambazo hazijasogea tangu enzi za babu yangu. Akazipiga palepale. Nikamrudisha kwenye Mafiga: pana tena, kiasi kilekile." Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Jicho lina mtoto wa jicho, sikatai, na siku moja litafunga. Lakini leo ni zima. Kilichoharibika ni mstari. Labda kuna figa la nne humo tusiloliona, linawavuta wale wawili. Labda ni hesabu tu ya zamani. Mpaka sasa anayejua kwamba Mafiga hayafuati mstari ni Mwalimu peke yake. Kiti chake hakiondoki."

Msomaji alitaka kucheka. Alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia misimu miwili. Kisha Mkuu akauliza, kwa upole uleule wa kutazama viatu:

"Zilianza kuja pana lini, mzee? Ulikuwa ukiziona."

Hapo ndipo ilipompata. Zilianza ile jioni ya vumbi, haya ya kwanza, kabla ya kikohozi cha kwanza. Zikaja tena jioni iliyofuata, na iliyofuata, msimu mzima na nusu ya mwingine. Mke wake alikuwa ameiona njia mpya ya nyota tangu mwanzo, kila jioni, na kila jioni alikuwa ameikabidhi mikononi mwa mume wake.

"Uliziandika popote?" akauliza Mkuu.

"Kipimo kilichotikiswa hakiandikwi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mkuu alivaa miwani yake tena. Nyota zile zilikuwa zimepita pale kwenye kukaribiana kwake, na hazingepita tena wakiwa hai hao wawili, wala pengine yeye. "Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," akasema mwishowe, na hakuwa anatania.

"Yangu yalifichika," akasema Msomaji.

Akawaza yule msichana wa karatasi ya ukutani, penseli nyuma ya sikio, akimwambia shika ngazi vizuri wewe. Alimwamini msichana yule maisha yake yote. Alimwamini kuliko huyu mwenye mvi aliyekuwa mbele yake kila jioni, akimwambia anachokiona kwa jicho lake. Hakuwa amemshika mkono mke wake gizani. Alikuwa amemshika yule wa zamani, akamkoholea huyu. Alilia, kidogo, kama wanavyolia wanaume wenye mafua, wakisingizia mafua.

"Mnaongea nini huko?" sauti ikatoka ndani ya kuba. "Bado kitambo kidogo kabla ya vilima. Nani anasoma?"

"Nakuja, Mwalimu," akasema Mkuu, akainuka.

"Sikukuita wewe. Wewe unapumua kwa kelele. Niletee mwenye kigoda chake."

Msomaji aliingia, akasimama karibu na mlango. Mpimaji alikuwa amempa mgongo, jicho liko kwenye kitundu, mkono juu ya skrubu. Hakuwa na uso wa kusomwa. Mgongo tu, na shali iliyoteleza bega moja, ambayo siku nyingine angeipandisha. Leo hakuthubutu.

"Bado nina mafua," akasema.

"Nasikia."

"Sitaweza kujizuia."

"Usijizuie. Kohoa mpaka uchoke. Nilikuwa nakusikiliza, kuanzia leo natazama." Akazungusha skrubu taratibu. "Na hasira bado ninazo, usije ukadhani zimekwisha. Nitazimalizia nyumbani. Kaa."

Akakaa. Kigoda kilikuwa bado na joto la Mkuu. Taa nyekundu iliwaka juu ya kigurudumu, na juu kwenye ufa wa paa anga lilikuwa la samawati ya mwisho, ile inayokaribia kuwa nyeusi.

"Haya," akasema Mpimaji.

Msomaji akainama. Namba ilikuwa pana, pana kuliko zote alizowahi kuzikohoa. Na kikohozi kikaja, cha kweli, kikamtikisa mabega, kikagonga ukuta wa kuba na kurudi. Akangoja asikie neno lile la kila siku, nirudie.

Bega la mke wake halikusogea. Mkono ulikaa juu ya skrubu, umetulia.

"Darubini haikutikisika," akasema. "Nilikuwa natazama. Andika."

Akaandika.

"Umeandika kama ilivyo?"

"Kama ilivyo, mama."

"Haya. Nyingine."

Akasogeza taa karibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, lakini machozi hayatikisi darubini, kwa hiyo akayaacha.